Umeanika Nini?

Siku ya kwanza kuingia dukani kwangu Mamboleo, alivuta kamba ya katani niliyoitundika mlangoni, akaisugua kwa kidole gumba, akasema, "Hii ni ya mbuzi." Ndiyo kwanza nimefungua, sijauza hata msumari mmoja, na mtu mzima na kofia yake ya msikitini kichwani ananitukania bidhaa. Nikamwambia, "Mzee, kama wewe si mbuzi, basi pita." Akacheka mpaka akashika meza. Akaniuliza kama nina ya nailoni. Nikamwonyesha. Akasema hiyo nayo ni ya ng'ombe.

Ndivyo tulivyojuana. Kwao hasa ni wapi, baba yake alikuwa nani, sikuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kuyasimulia. Mjini walimwita Kocha, nami nikamwita hivyo hivyo. Hakuwahi kufundisha mpira hata siku moja. Jumapili akipita kwa kinyozi vijana humpigia kelele, "Kocha, leo tunafungwa ngapi?" naye hujibu bila kutabasamu, "Muulizeni kipa." Alikuwa fundi wa minara ya simu. Miaka mingi kazi yake ilikuwa kupanda juu kabisa kufunga nyaya na kubadilisha taa zile nyekundu. Alipostaafu, mikono ilikataa kukaa chini, akaanza kupanda mawe. Kukawa na sisi tuliomfuata: mimi, na Odhis, mwalimu wa chuo kule Bondo, mtu mrefu mwenye maneno mengi. Mimi nilifuata kwa ubishi tu. Nilifunga duka Jumamosi moja nikaone ni kamba gani hiyo ambayo si ya mbuzi wala ya ng'ombe. Nilirudi nyumbani magoti yamechubuka, na Jumamosi iliyofuata nikafunga tena.

Sasa, ukitoka mjini kuelekea Muhoroni, ukishaipita miwa na matrekta yake, upande wa kushoto milima inasimama ghafla. Kuna mahali jiwe limesimama wima, tupu, hata kichaka hakijashika. Sisi tuliliita Ukuta. Watu wa kiasi chetu hawalimalizi kwa siku moja. Katikati pana upenyo wa kukaa watu watatu wakibanana, tukaupa jina Kibaraza, na hapo ndipo unapolala umejifunga kamba, kesho yake uendelee. Kocha alikuwa amefika Kibarazani mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka. Juu hakuwahi kufika.

Na ingekuwa rahisi kufika juu. Kuna barabara ya udongo wa murram inazunguka mlima, bodaboda wanakupeleka hadi ukingoni kabisa ukasimame upigwe picha. Yeye alikataa. "Nikifika kule, nifike na hizi," alisema, akikuonyesha viganja vyake vilivyojaa sugu. Hata kuchungulia kutoka juu alikuwa ameapa hatachungulia mpaka afike kwa mikono. Hicho ndicho kitu kimoja alichokitaka duniani. Hakutaka kwenda Maka kwa ndege, watoto wake walishamwambia watamlipia, akawaambia wangoje kwanza amalize Ukuta. Shehe wake alimsema sana kwa hilo.

Usidhani ilikuwa ni uzembe. Shida ilikuwa hali ya hewa. Januari na Februari jua linaupiga Ukuta tangu asubuhi hadi jioni, jiwe linachoma mkono, na nyuki waliomo kwenye nyufa wanakuwa na hasira za bure. Masika yakishashika, maji yanashuka kwenye nyufa hizo hizo, ule ukungu wa kijani unaamka, na jiwe linateleza kama mrenda. Katikati ya hayo mawili, mwezi wa Machi, jua linaanza kuhamia nyuma ya mlima, mawingu yameshafika lakini hayajamwaga. Siku hizo ni chache, na hakuna anayekwambia ndizo hizi. Kocha alikuwa na maneno yake. "Nataka wingu lenye haya," alisema. "Lije, lifunike, lisifungue mdomo."

Kulijua lenye haya na lisilo na haya, hapo ndipo palipokuwa na kazi. Ukiwa Ukutani unaona uwanda wote wa Kano, moshi wa miwa umelala au umesimama, ziwa kule mwisho linang'aa. Lakini mvua ya mchana huku kwetu haitoki ziwani. Inatoka nyuma, upande wa Nandi, inakuja juu ya mlima, na jiwe lenyewe limekuziba usiione. Odhis alisema, "Yaani unaona kila kitu, isipokuwa kile kitakuua." Kwa hiyo tulihitaji jicho upande wa juu.

Jicho tulilipata kwa bahati. Chini ya Ukuta kuna mama tunamwachia mizigo, tulimzoea kwa jina la Mama wa Chini. Dada yake ameolewa juu kabisa, boma lake liko hatua chache tu kutoka ukingoni. Huyo akawa Mama wa Juu. Kocha akapewa nambari yake, na kwa miaka walizungumza kwa simu bila kuonana uso kwa uso. Mama yule alimwita Mzee wa Simu.

Mwaka wa kwanza tulikosea, na tulikosea kama watu wa huku wanavyokosea. Tulikuwa tumepita Kibaraza, tuko pazuri, Kocha mbele. Akapiga simu. "Mama, huko juu mvua iko?"

Mama akajibu kwa furaha, nasi sote tukasikia, "Haiko! Haiko kabisa, njooni tu, nimeweka chai!"

Tukaenda. Haikupita muda, mbingu ikapasuka juu ya vichwa vyetu. Mvua ya mawe, si mchezo. Nilikuwa nimening'inia kwenye kamba nimejikunyata, mawe yananigonga kofia ngumu kakaka, radi inalia mpaka jiwe linatetemeka, na mimi Mkristo wa Jumapili nikajikuta naomba kwa lugha ya bibi yangu. Kocha alitushusha mmoja mmoja, vidole vyake vimekuwa vyeupe. Tulipofika chini, mguu wa Odhis umeteguka, midomo yetu inatetemeka, simu ikalia. Ni Mama wa Juu.

"Mko wapi? Chai inapoa!"

Odhis akanyakua simu. "Mama, si ulisema mvua haiko?"

"Ilikuwa kidogo tu," mama akasema. "Sasa ningewaambia iko, si mngekataa kuja?"

Odhis alitaka kulia. Kocha alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye matope. Alisema mama hana kosa, kosa ni la aliyeuliza. Nani huku kwetu atamwambia mgeni asije? Uliza kama ni mbali, utaambiwa ni hapo tu. Uliza kama chakula kipo, utaambiwa kipo kingi, na watoto wamelala njaa. Mtu mwenye adabu zake hawezi kumjibu mgeni vibaya. "Ukimuuliza mvua," akasema, "anakujibu moyo wake. Usimuulize moyo wake. Muulize kamba yake ya nguo."

Tangu hapo hakuwahi tena kuulizia mvua. Alipiga simu, akasalimia vizuri, akauliza mume, ng'ombe, watoto, kisha: "Umeanika nini leo?"

Mama akisema ameanika blanketi, tunapanda. Mtu haaniki blanketi kama hana imani na siku nzima. Akisema wimbi la uji uani, vilevile, maana wimbi likilowa ni hasara na mama mkwe atasema. Akisema leso na soksi za watoto, hizo ni nguo za kukimbilia, tunangoja. Na kama ameanua, tunashuka, hata jua likiwa limesimama utosini. Mama wa Juu mwenyewe hakujua kwa nini anaulizwa. Alimwambia dada yake kwamba yule Mzee wa Simu ni mtu mzuri lakini anapenda sana mambo ya nguo.

Ile tabia ikamwingia katika kila kitu. Hakukuuliza habari, alikuuliza jambo. Nilipofiwa na mume wangu, watu walijaa nyumbani wakiniuliza kama niko sawa, nami nikawajibu niko sawa, ahsanteni, kaeni. Walipokwisha kuondoka, wiki kadhaa baadaye, Kocha alikuja dukani. Akasimama pale pale penye kamba ya mbuzi, akaniuliza, "Jana umepika kwa sufuria gani?"

Nikamwambia ile kubwa. Halafu nikaelewa nilichosema. Nilikuwa bado napikia watu wawili, kila siku, na kila siku namwaga. Nililia kwenye meza ya duka mbele ya wateja, na Kocha akawauzia misumari kwa bei ya uongo mpaka nikanyamaza.

Sasa nisimfanye malaika, maana atanicheka. Mtu huyu aliyeweza kuzuia safari nzima kwa sababu ya soksi, alipanda bodaboda kofia ngumu ameishika mkononi, eti kichwa kinapata joto. Makutano ya Mamboleo alivuka akiangalia mawingu, malori ya miwa yanampigia honi, yeye anainua mkono kama anasalimiwa. Nguo zake mwenyewe zilinyeshewa uani kila wiki. Alinuna pia. Ukimshinda kwa maneno alinuna siku mbili, kisha akaja na mkungu wa ndizi bila kusema ni wa nini.

Na alikuwa na neno lake moja nililolichukia. Ukimuuliza, "Kocha, tupande?" hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema, "Bado." Umefunga duka, umebeba maji, umetembea kwenye miwa na majani yanakukata mikono, umefika, na mtu anaangalia juu anakwambia bado! Nilimwambia mara moja, "Bado hadi lini, hadi Yesu arudi?" Akasema kwao pia wanamngoja Yesu, basi tungoje pamoja.

Kuna Machi moja Odhis alikuja na simu mpya, ina picha za mawingu na mistari ya rangi. Simu ikasema siku itakuwa kavu. Mama wa Juu akasema ameanika leso. Kocha akasema bado. Wakabishana pale chini ya Ukuta, Odhis akipiga simu yake kwa kidole, "Lakini Kocha, angalia, hakuna kitu hapa! Jua tupu!" Kocha akakaa kwenye jiwe, akafungua chapati. Tukala chapati siku nzima, tukiutazama Ukuta umekauka, wingu la haya limeufunika vizuri kama alivyotaka, na halikudondosha hata tone. Simu ilikuwa imesema kweli. Nilikasirika. Jioni tukifunga mizigo nikamwambia ametupotezea siku nzuri kuliko zote. Alikubali. Akasema, "Nimekosa, ndiyo. Lakini mvua isiyonyesha haijaua mtu."

Odhis aliandika maneno hayo nyuma ya fulana yake kwa wino, kumkejeli. Kocha akaipenda ile fulana, akaiomba, akawa anaivaa sokoni.

Kisha ikaja ile miaka Ramadhani ilipoingia ndani ya Machi yetu. Hakupanda akiwa amefunga, na sisi hatukupanda bila yeye. Tulisema mwakani, na mwakani ikawa hivyo hivyo. Minara ikaanza kumdai magoti yake. Kwanza alishuka ngazi za msikiti kwa upande, kama kaa. Kisha akapata bakora. Nilimwona siku moja uani kwake ameegemea ukuta wa nyumba, ameuwekea viganja, anajaribu tu kuinua mguu wa kulia aupachike kwenye tofali lililotokeza. Haukuinuka. Nilirudi nyuma taratibu nisimwaibishe, nikaja tena na kelele nyingi langoni.

Mwaka huu Idi ilipita mapema, na Machi ikatubakizia siku zake za mwisho. Kocha alikuja dukani na bakora yake. Akasema, "Wewe na Odhis mtapanda. Wewe utakuwa mbele."

"Na wewe?"

"Mimi nitaenda kwa barabara." Aliyasema hayo akiangalia kamba ya katani. "Nikae kwa Mama wa Juu. Nataka nione mtu mmoja anatokea pale ukingoni. Awe ni mmoja wenu, sawa tu. Halafu nife au niende Maka, kitakachotangulia."

Kiapo chake cha miaka yote alikivunja hapo, mbele ya mabati yangu, kwa ajili ya kuona kichwa changu kikichomoza.

Tulipanda. Siku ya kwanza ilikwenda vizuri kiasi kwamba nilimshuku Mungu. Jiwe kavu, nyuki wametulia, mikono yangu inajua pa kushika kabla sijafikiri. Tukalala Kibarazani. Asubuhi kulikuwa na wingu jeupe jepesi, moshi wa miwa umesimama wima, hakuna upepo. Kipande kilichobaki nilikuwa nakiona chote. Odhis akasema, "Leo tunakunywa hiyo chai." Simu yake nayo ikasema kavu.

Nikampigia Kocha. Nilijua yuko wapi na amevunja nini kufika pale. Nilijua kwamba huyu anayeshika simu kule juu ndiye mtu anayetaka tufike kuliko watu wote duniani. Nikamsalimia, nikamuulizia magoti. Kisha nikauliza.

"Kocha, umeanika nini?"

Nikamsikia Mama wa Juu nyuma yake akisema, "Waambie wakuje tu! Hiyo wingu ni ya Kericho, si yetu!" Nikasikia kuku. Nikasikia pumzi yake.

"Niliamka nikaanika kanzu yangu ya Idi," akasema.

"Na sasa?"

"Nimeianua, mama. Nimeanua kila kitu."

Tulishuka. Kamba baada ya kamba, naangalia juu kila mara ningoje tone la kwanza linipe sababu. Halikuja. Tulifika chini jua linawaka. Mama wa Chini ameanika mablanketi ya nyumba nzima.

Nilimwacha Odhis na mizigo, nikapanda bodaboda kuzunguka mlima. Njia nzima nilikuwa napanga matusi, na nina kipaji. Ningeanza na soksi, nipitie chapati, nimalizie na ile fulana.

Nilimkuta uani kwa Mama wa Juu, ameketi kwenye kigoda, mgongo ameupa ukingo. Kanzu ilikuwa imekunjwa mapajani, bado ina unyevu. Mbingu juu yake ilikuwa tupu, bluu. Hakuniangalia usoni.

"Kulikuwa na kitu cheusi nyuma ya ule msitu," akasema. "Kidogo tu. Nikaogopa. Kimepita mbali." Kisha akasema, "Nimekosea."

Mama wa Juu alisimama mlangoni na birika. Akaniambia kwamba alimzuia, alimshika hata mkono, lakini mzee aliinuka kwa bakora akaanua nguo zote za boma, moja moja, hata za watoto. Alikuwa analia huku anaanua.

Matusi yangu yote yakanitoka kichwani. Nilichuchumaa mbele yake. Nilimpenda mtu yule wakati huo kuliko nilivyowahi kumpenda, na nilitaka ajue, lakini kwetu sisi hayo hayasemwi hivi hivi. Nikasema, "Mvua isiyonyesha, Kocha."

Akafuta pua kwa ncha ya kanzu. "Haijaua mtu," akajibu, kwa sauti ndogo.

Tukanywa chai. Ilikuwa tamu mno, na Mama wa Juu alisimama juu yetu kuhakikisha tunaimaliza, maana aliingoja miaka. Nikaona kwamba ukingo uko hapo nyuma ya kigoda, ni kuvuka tu kichaka cha lantana, na Kano yote iko chini yake. Amelala hapa usiku mzima, ameshinda hapa asubuhi yote.

"Umechungulia?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa. "Niliwageuzia mgongo. Nilitaka nione mkitokea, nikasema nitageuka nikisikia vyuma vya kamba zenu vikigongana."

"Basi njoo. Nishike bega. Ni hapo tu."

Aliangalia magoti yake, akaangalia viganja vyake. Akainuka, akaenda polepole hadi kwenye kamba ya nguo, akanikabidhi kanzu na vibanio viwili.

"Bado," akasema.

Nikaianika.